Elimu iliyofichika katika vitenzi vya gereji

Kuishi kwingi ni kuona mengi, walisema wahenga. Mimi ni mwalimu wa isimu katika chuo kikuu. Kwa miaka kadhaa nimesimama mbele ya wanafunzi nikieleza mizizi, viambishi na minyambuliko ya vitenzi, na sikuwahi kudhani kwamba somo bora la minyambuliko ningelipata nikiwa nimechuchumaa kando ya gari lililoinuliwa kwa jeki, katika gereji ya jua kali mjini Kakamega. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Ningependa kuwashirikisha walimu wenzangu pamoja na wanafunzi katika niliyoyaona na kuyasikia, kwa maana naamini yanatuhusu sisi zaidi ya yanavyowahusu mafundi.

Kisa chenyewe ni hiki. Gari langu lilikuwa likivuja oili. Nililipeleka kwa fundi mmoja, akaifungua sampu, yaani lile bakuli la bati lililo chini kabisa ya injini na ambalo huhifadhi oili, akaipaka silikoni mpya, akairudisha. Uvujaji ukakoma. Nikalipa, nikashukuru, nikaenda zangu. Majuma matatu baadaye nilikuwa safarini kwenda Kisumu, na nilikuwa nimekwisha kupita Chavakali, taa nyekundu ya oili ilipowaka. Nilizima injini papo hapo. Gari likavutwa kwa kamba hadi Kakamega, na safari hii nikalipeleka gereji nyingine.

Fundi wa pili, mtu mzima mwenye mvi, aliifungua sampu ile ile, akaingiza mkono na kutoa chujio la pampu ya oili. Lilikuwa limezibwa na vipande vyembamba vya kitu kilichofanana na mpira mweusi. "Mwalimu, tazama," akaniambia. "Aliyefunga hapa alitia silikoni kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate. Ya nje ilibanwa ikatokea nje, ukaiona. Ya ndani ilitokea ndani, hukuiona. Ikakauka, ikakatika, ikaenda kwa chujio. Injini ikakosa kunywa. Ungeendelea kilomita chache tu, ungeua krenki."

Kisha akamwita kijana wake, mwanagenzi wa miaka ishirini na ushei, akamwambia aifunge upya. Kwa kuwa ugonjwa wa walimu ni kuuliza maswali, nilimwomba kijana yule anieleze kila hatua kabla ya kuitenda. Hakusita. Nayanukuu maneno yake kama nilivyoyaandika nyuma ya bahasha:

"Kwanza nakwangua silikoni yote ya zamani, lakini si kwa patasi ya chuma, kwa sababu hapa juu ni alminiamu, na ukiichora, oili itapita kwenye ule mchoro. Halafu napangusa kwa petroli mpaka kitambaa kitoke kisafi. Naangalia midomo ya sampu. Kama bolti zilikazwa kupita kiasi, bati limebonyea kwenye matundu, basi nalinyoosha kwa nyundo juu ya ubao. Natazama kifuniko cha mbele kama kimelingana na bloku, na pale kwenye maungio naongeza tone moja. Silikoni inapita upande wa ndani wa matundu ya bolti, mstari mmoja mwembamba usiokatika. Sampu inaingia mara moja, haisukumwi huku na huku. Bolti zote nazishikisha kwa vidole kwanza. Halafu nazibana. Halafu ndiyo nazikaza, kuanzia katikati kwenda nje. Nikimaliza naiacha ipumzike kabla ya kutia oili."

Nilipofika nyumbani nilitafuta maelekezo ya watengenezaji wa magari na wa silikoni zenyewe. Yanasema nini? Yanasema sehemu zote mbili zisafishwe na kukaushwa. Mstari wa silikoni uwe na unene wa milimita tatu au nne hivi. Upite ndani ya matundu ya bolti. Sampu iwekwe katika muda wa dakika chache kabla silikoni haijaanza kushika utando. Bolti zikazwe kwa awamu. Na oili isitiwe kabla ya muda wa saa mbili hivi kupita. Kwa ufupi, yanasema yale yale aliyoyasema kijana wa Kakamega, ambaye hajapata kuyaona maandishi hayo.

Tena kila hatua ina sababu yake, na sababu hizo kijana alizijua. Silikoni ya aina hiyo hukauka kwa kufyonza unyevu ulio hewani. Katika nchi hii yetu ya Kakamega, ambako msitu hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, unyevu si haba. Ukichelewa, silikoni hufanya utando juu kama uji unaopoa, na utando huo haushiki tena chuma. Ama bolti za sampu, hizo ni ndogo. Nyingi huhitaji nguvu ya nyutoni-mita 10 hivi, yaani sawa na kuning'iniza uzito wa kilo 1 kwenye ncha ya spana yenye urefu wa mita 1. Atumiaye mabavu hapo hazibi chochote; hulipinda bati tu, na oili ikapata njia.

Nilimwuliza kijana kwa nini hana cheti, ilhali ujuzi anao. Akainamisha kichwa. Alikuwa amesoma katika chuo kimoja cha ufundi, akafaulu kazi za mikono, akaanguka katika karatasi ya kuandika. Akarudia, akaanguka tena. Karo ikaisha. "Mwalimu," akaniambia, "kitu chenyewe nilikijua. Lakini sikujua swali linaniuliza nini."

Maneno hayo yamekataa kunitoka kichwani. Mitihani ya kuandika ya vyuo vyetu vya ufundi hutungwa na kujibiwa kwa Kiingereza. Kijana huyu hakuanguka mtihani wa umakanika. Alianguka mtihani wa Kiingereza uliovikwa ovaroli. Kwa kukosa cheti, hawezi kuomba kazi katika karakana ya serikali wala ya kampuni, na atabaki kulipwa kama kibarua ingawa mikono yake ni ya fundi. Wakati huo huo, huenda yupo mwingine aliyekariri jibu zuri la Kiingereza, akapewa cheti, na hajapata kuambiwa kwamba mstari wa silikoni hupita ndani ya matundu.

Sasa naomba niingie katika uwanja wangu. Wako watakaosema kwamba lugha ya gereji si Kiswahili, bali ni Kiingereza kilichovunjika: sampu, bolti, gaskiti, silikoni, pistoni, spana. Ni kweli kwamba majina mengi ya vitu hivyo yamekopwa. Lakini ni lini ukopaji ulikuwa dhambi katika Kiswahili? Msumari umetoka Uarabuni. Parafujo na bomba tumevipata kwa Wareno. Gari lenyewe limetoka Uhindi. Mabaharia, waashi na maseremala wa pwani walikopa jina kila kifaa kilipowajia, wakaliingiza katika ngeli, wakaendelea na kazi. Fundi wa Kakamega anayesema "bolti zimelegea" anafanya lile lile walilolifanya wazee hao.

Isitoshe, anayetazama majina peke yake anatazama ganda. Tusikilize vitenzi. Kijana alisema atazishikisha bolti, kisha azibane, kisha azikaze. Katika masikio ya mtu wa kawaida hayo yote ni kukaza. Katika gereji ile ni vitendo vitatu tofauti. Kushikisha ni kuiingiza bolti kwa vidole hadi meno yake yakamate tu, ili sampu ipate nafasi ya kujipanga na matundu yote. Kubana ni kuisogeza hadi kichwa chake kiguse bati na silikoni ianze kutandazwa. Kukaza ni kuipa nguvu yake ya mwisho. Anayekaza bolti ya kwanza kabla ya kuishikisha ya mwisho atagundua kwamba tundu la mwisho limekwisha kupotea. Ndiyo maana vitabu vya watengenezaji hutumia sentensi kadhaa kueleza jambo ambalo Kiswahili cha gereji kimelieleza kwa vitenzi vitatu.

Tuchukue kitenzi kingine, kulingana. Kina kiambishi cha kutendana, na si bure, maana hakuna kitu kinachoweza kulingana peke yake. Kifuniko cha mbele cha injini hushikiliwa katika nafasi yake na pini ndogo, na katikati yake hupita ncha ya krenki, iliyozungukwa na sili ya mpira. Kifuniko kikikaa upande kidogo, sili hiyo haitaizunguka krenki sawasawa. Italiwa upande mmoja, na oili itavuja hata kama silikoni ilipakwa kwa ustadi wa hali ya juu. Aidha, ukingo wa chini wa kifuniko usipokuwa sawa na ukingo wa bloku, sampu itakayokuja chini yake itapata ngazi badala ya sakafu. Kwa hiyo kulingana hutangulia kuziba. Nimemsikia fundi mwenye mvi akimkemea kijana mwingine aliyekuwa akimimina silikoni nyingi kwenye kona: "Silikoni haiponyi kitu ambacho hakijalingana!" Huo ni msemo unaofaa kuandikwa ubaoni.

Au tuchukue kitenzi kukaa na ndugu yake kukalisha. Kifuniko cha juu ya injini, wanachokiita tapeti kava, katika magari mengi ya siku hizi huwa na gaskiti ya mpira inayoingia katika mfereji wake. Gaskiti hiyo hukalishwa ikiwa kavu, na silikoni hutiwa kidogo tu mahali maalumu, kama vile kwenye kona ambako vipande viwili vya injini vinakutana. Wengi hawajui, hivyo huipaka gundi gaskiti nzima, nayo huteleza na kutoka mahali pake. Fundi yule alinieleza kwa maneno machache: "Hii haitaki gundi, Mwalimu. Hii inataka kukaa." Nimefundisha kauli ya kutendesha kwa miaka mingi, na sijapata kutoa mfano wenye uzito kama huo.

Je, vitenzi hivi viko wapi katika vitabu vyetu? Wataalamu wa Kiswahili wamejitahidi mno katika istilahi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, na mwaka 1990 ikatoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Hizo ni kazi za kuheshimiwa. Lakini orodha za istilahi kwa desturi yake ni orodha za majina. Tumezoea kuuliza, kitu hiki kitaitwaje kwa Kiswahili? Ni nadra tuulize, kazi hii husemwaje na wale wanaoifanya? Ujuzi wa fundi haumo katika jina la sampu. Umo katika kushikisha, kubana, kukaza, kulinganisha na kukalisha.

Nisieleweke vibaya. Siji hapa kuimba sifa za jua kali na kufumba macho nisione makosa yake. Injini yangu ilinusurika kufa kwa sababu ya gereji, na iliponywa na gereji. Hapo ndipo penye tatizo. Ujuzi unaopitishwa kwa mdomo peke yake humfikia huyu na kumruka yule. Fundi wa kwanza hakuwa mwizi wala mvivu. Hakuambiwa tu, na maelekezo yaliyo nyuma ya ile bomba ya silikoni yameandikwa kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo kama mbegu za wimbi. Kama angekuwa na kijitabu cha kurasa 20 cha Kiswahili, chenye michoro, kinachoeleza ni kwa nini silikoni nyingi ni mbaya kuliko kidogo, huenda taa yangu isingewaka pale Chavakali.

Wako pia watakaosema kwamba Kiingereza ndicho lugha ya teknolojia, na kwamba tukimfundisha kijana umakanika kwa Kiswahili tutamfungia mlango. Nawajibu hivi. Magari mengi yanayopita katika barabara zetu, yakiwa yamekwisha kutumika huko yalikotoka, yameundwa Ujapani. Wahandisi walioziunda injini hizo walifundishwa kazi yao kwa Kijapani, na hakuna aliyewaambia kwamba lugha yao itawafungia mlango. Jirani zetu wa Tanzania waliunda mamlaka yao ya elimu na mafunzo ya ufundi, VETA, kwa sheria ya mwaka 1994, na mkufunzi wa huko haoni haya kusimama mbele ya injini na kufundisha kwa Kiswahili. Kiingereza na kifundishwe, tena kifundishwe vizuri. Mtihani wa Kiingereza na uwe wa Kiingereza, na mtihani wa sampu uwe wa sampu.

Tangu Shirika la Kazi Duniani litoe taarifa yake mashuhuri kuhusu ajira nchini Kenya mwaka 1972, jua kali imezungumzwa sana. Mwaka 1985 Rais Daniel arap Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji jijini Nairobi. Mwaka 1992 serikali ikatoa waraka wa sera kuhusu biashara ndogo ndogo na jua kali. Mwaka 2013 ikapitishwa sheria ya elimu na mafunzo ya ufundi. Tumesikia mengi kuhusu vibanda, mikopo na leseni. Lugha ambayo kazi yenyewe hufanyiwa haikupewa uzito kama huo, kana kwamba mafundi hufanya kazi wakiwa mabubu. Ilhali Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na vilevile lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lugha rasmi isiyoweza kujibia swali la sampu ni rasmi kwa namna gani?

Hapa kwetu tunajua thamani ya kuhifadhi. Mwaka 2014 ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Lakini ujuzi unaoishi katika mikono na ndimi za mafundi wetu nao ni urithi, na tofauti yake na mwingine ni kwamba unaweza kumlisha mtoto kesho asubuhi.

Nini kifanyike? Napendekeza mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji mabilioni. Kwanza, mabaraza yanayosimamia mitihani ya ufundi yamruhusu mtahiniwa achague kujibu kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, na maswali yachapishwe kwa lugha zote mbili. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, unatuhubiria kwamba mwanafunzi apimwe kwa anachoweza kutenda. Mahubiri hayo na yavuke ua yaingie vyuo vya ufundi.

Pili, sisi wa vyuo vikuu tutoke madarasani. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kiko mjini Kakamega, na Chuo cha Kitaifa cha Sigalagala hakiko mbali, kando ya barabara ya kwenda Kisumu. Mwanafunzi wa Kiswahili na mwanafunzi wa umakanika wakitumwa pamoja gerejini kwa muhula mmoja, mmoja akiandika na mwingine akihakiki, watarudi na kijitabu ambacho mimi na profesa wangu hatuwezi kukitunga tukiwa ofisini.

Tatu, na hili nawaambia walimu wa shule za upili, tuzihurumie insha zetu. Kila mwaka tunawataka wanafunzi waandike kuhusu ajali waliyoishuhudia au siku wasiyoisahau. Hebu siku moja tuwaambie: nenda kwa fundi aliye karibu na kwenu, mtazame akifunga kifuniko cha injini, kisha andika hatua zake kwa mpangilio, kila kitenzi kikiwa mahali pake. Mwanafunzi atajifunza sarufi, atajifunza mantiki, na atajifunza kumheshimu mtu mwenye mikono yenye grisi.

Fundi mwenye mvi alinieleza jambo moja nilipokuwa nikimlipa. Oili, alisema, haipiti kwenye chuma kizima. Hupita pale vipande viwili vinapokutana bila kulingana. Nami naona chuo chetu na gereji yetu ni vipande viwili vya injini moja, na ujuzi wa vijana wetu unavujia hapo katikati. Gari langu linakwenda vizuri, na chini yake hapajaonekana hata tone moja. Kijana aliyeifunga sampu ile angali hana cheti.